Kamera Iliyopanda na Mabomu

Picha za angani za vita vya Mau Mau hazikuishia kwenye makabati ya jeshi. Ufundi huohuo ulichora ramani za nchi na kupima mashamba, na leo picha hizo ni ushahidi unaohitaji wasomaji wa hapa nyumbani.

Machi 1953, miezi mitano baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari, ndege ndogo za injini moja zilianza kutua Thika. Zilitoka Thornhill, Rhodesia Kusini, ambako kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana urubani. Ndege hizo ziliitwa Harvard. Kila moja ilifungwa bunduki moja ya rashasha na mabomu manane madogo ya ratili 20, yaani kama kilo tisa kila bomu, na ndege ya mafunzo ikawa ya vita. Kikosi chake kilijulikana kama 1340 Flight. Baadaye kilihamia Mweiga, karibu na Nyeri, ili kiwe jirani na msitu wa Nyandarua.

Novemba mwaka huohuo yakaja madege makubwa aina ya Lincoln, yenye injini nne, ya ukoo mmoja na Lancaster zilizobomoa miji ya Ujerumani. Kituo chake kilikuwa Eastleigh, Nairobi, uwanja ambao sasa ni kambi ya jeshi letu la anga. Lincoln zilipiga msitu kuanzia tarehe 18 Novemba 1953 hadi 28 Julai 1955. Chora mstari kwenye ramani kutoka Eastleigh hadi Mlima Kenya, nao utapita karibu na Ruiru na Thika. Ukanda huu wetu, Mugutha ikiwemo, wakati huo ulikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, kahawa huku na mkonge kule, na vibarua waliolala kwenye kambi za mashamba hayo walikuwa chini ya njia ya ndege.

Ndege hizo hazikubeba mabomu peke yake. Zilibeba kamera pia, na nyingine hazikubeba kingine ila kamera. Wakenya wengi wameziona picha za vita hivyo zilizopigwa ardhini: foleni za watu wakisachwa Nairobi, nyaya za kambi, kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi amelala kwenye machela baada ya kupigwa risasi Oktoba 1956. Zile za angani tumeziona kwa nadra. Zinastahili kutazamwa sasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kile zinachoshindwa kuonyesha. Ya pili ni kwamba ufundi ulioziumba ndio uliokuja kuamua shamba la nani linaishia wapi.

Kamera ya kumchunga rubani

Kamera kwenye ndege ya mabomu haikuwekwa kwa ajili ya kumbukumbu. Iliwekwa kumchunga rubani mwenyewe. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Uingereza walikuwa wakirudi usiku kutoka Ujerumani wakiapa kwamba wamepiga shabaha. Agosti 1941 ofisa mmoja wa serikali, D. M. Butt, alikabidhi ripoti iliyotokana na mamia ya picha zilizopigwa na ndege hizohizo wakati wa kuangusha mabomu. Ilionekana kwamba kati ya ndege zilizodai kuipiga shabaha, ni moja tu kati ya tatu iliyofika ndani ya maili tano kutoka shabaha hiyo. Wakubwa walishtuka. Tangu hapo picha ya bomu ikawa risiti: rubani harudi na maneno matupu, anarudi na filamu.

Utaratibu wake haukuwa na miujiza. Swichi ya kuachilia mabomu iliunganishwa na kamera iliyotazama chini. Bomu lilipoachiliwa, kamera ilianza kuhesabu sekunde na kupiga picha mfululizo, ili mojawapo inase pale bomu linapotua. Ikiwa kuna reli, daraja au kiwanda kwenye picha, msomaji wa picha ataweka rula yake na kupima umbali kutoka shimo la bomu hadi shabaha.

Nyandarua hapakuwa na reli wala kiwanda. Palikuwa na mianzi, miti mikubwa, mabonde yenye kina na ukungu unaoshuka kabla ya adhuhuri. Kambi ya wapiganaji ilikuwa vibanda vichache chini ya majani, na ilihama mara kwa mara. Hivyo ndege nyepesi za polisi zilitangulia kwa chini zikidondosha moshi mahali palipodhaniwa pana kambi, kisha Lincoln ikapita juu na kumwaga mabomu ya ratili 500 au 1,000 kuufuata moshi. Picha iliyopatikana ilionyesha nguzo za vumbi na moshi zikichomoza katikati ya majani, na kesho yake mashimo na miti iliyolala. Hapo kamera ilifikia mwisho wa uwezo wake. Ilithibitisha kwamba bomu limeangukia msituni, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Nani alikuwa chini ya majani, picha haikuweza kusema.

Upande wa Waingereza ulikadiria kwamba kufikia Juni 1954 karibu watu 900 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa na mashambulizi ya angani. Idadi kama hiyo haikutokana na kuhesabu miili kwenye picha. Ilikusanywa kutoka kwa mateka, kwa waliojisalimisha na kwa doria zilizofika baadaye, mara nyingine baada ya siku kadhaa. Msitu wenyewe ulikuwa umepigwa marufuku kwa raia tangu mapema 1953. Yeyote aliyeonekana ndani angeweza kupigwa risasi. Kwa sheria hiyo, kila kilichosogea chini ya majani kilikuwa shabaha kabla hata ya kupigwa picha.

Wapiganaji nao walijifunza kuishi chini ya jicho hilo. Walipika usiku, kwa kuwa moshi wa mchana uliita ndege. Walitembea bila kuacha njia iliyokanyagwa, maana njia huonekana kutoka juu hata pale mtu asipoonekana. Walisikiliza ndege wa porini na wanyama, ambao huhisi mgeni mapema kuliko binadamu. Wanyama wenyewe hawakusalimika. Tembo, nyati na faru waliuawa na wengine kujeruhiwa, na mnyama mwenye jeraha alikuwa hatari kwa mpiganaji na kwa askari bila ubaguzi. Kumbukumbu za upande wa msitu, kama zile za Karari Njama aliyekuwa mwalimu na mwandishi wa Kimathi, zilizochapishwa 1966, na za Waruhiu Itote, Jenerali China, zilizotoka 1967, zinamrudisha kwenye hadithi mtu ambaye kamera haikumwona. Ndiyo maana haifai kusoma kimoja bila kingine.

Jinsi picha inavyosomwa

Picha za upelelezi na za upimaji ni za aina tofauti na zile za mabomu, na zina nidhamu kali zaidi. Ndege huruka kwenye mstari ulionyooka, kwa kimo kisichobadilika, na kamera hujifyatua yenyewe kwa vipindi sawa. Kila picha hurudia takriban asilimia 60 ya eneo lililo katika picha iliyotangulia, na kila mstari wa ndege hufunika takriban asilimia 30 ya mstari wa pembeni. Kurudiarudia huko si hasara ya filamu. Ukiweka picha mbili zinazofuatana chini ya stirioskopu, kifaa chenye lenzi mbili kama miwani yenye miguu, kila jicho huona picha yake, na ubongo huziunganisha. Ghafla migongo ya Murang'a huinuka kutoka kwenye karatasi, mabonde huzama, na mti mrefu husimama juu ya vichaka.

Hesabu ya kipimo ni rahisi kiasi cha mwanafunzi wa darasa la nane kuifanya. Chukua lenzi ya inchi sita, yaani nusu futi. Rusha ndege futi 15,000 juu ya ardhi. Gawanya kimo kwa lenzi, unapata 30,000. Kila sentimita moja ya picha ni mita 300 za ardhi. Nyumba ya msonge yenye upana wa mita sita inakuwa nukta ya sehemu moja ya tano ya milimita. Mtu hayumo kabisa. Msomaji wa picha hutafuta alama za mtu: njia inayong'aa kwa kukanyagwa, weupe wa udongo uliolimwa, kivuli cha paa, mduara wa boma. Kivuli humsaidia kuliko kitu chenyewe, ndiyo maana saa ya kupiga picha iliandikwa kwa uangalifu.

Ukingoni mwa picha hizo za zamani kuna mstari mwembamba wa herufi na nambari. Watu wengi huukata wanapotengeneza nakala nzuri ya kutundika ukutani. Ni kosa. Mstari huo ndio unaotaja kikosi, nambari ya safari, tarehe, kimo, lenzi iliyotumika na nambari ya picha ndani ya filamu. Pasipo mstari huo una picha ya milima tu. Ukiwa nao, unaweza kumwambia mtu: hivi ndivyo shamba la babu yako lilivyokuwa asubuhi fulani, kabla kijiji hakijavunjwa.

Kutoka Rufiji hadi Malindi

Ufundi huu haukuanza na Mau Mau, wala haukuletwa Afrika Mashariki na Lincoln. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, ambako meli kubwa za Uingereza hazikuweza kuingia. Waingereza walimkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa na ndege ya majini aina ya Curtiss, naye akaiona manowari hiyo kutoka juu. Aprili 1915 rubani mwingine, John Cull, akiruka kutoka visiwa vya karibu na Mafia, aliipiga picha. Julai 11 mwaka huo meli mbili za maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, ziliimaliza kwa mizinga iliyoelekezwa na marubani walioona makombora yanapoangukia. Hapo kamera ilifaulu, kwa kuwa ilichokuwa ikitafuta ni chuma cha urefu wa zaidi ya mita 100. Mikoko haiwezi kufunika milingoti ya manowari. Mianzi inaweza kumfunika mtu.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mabomu kwenye ardhi ya Kenya yenyewe. Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, ndege za Afrika Kusini ziliruka kutoka Kenya kwenda kupiga ngome za Waitalia mpakani Moyale, na Oktoba mwaka huo ndege za Waitalia zilidondosha mabomu Malindi. Majeshi yaliyokuwa yakijiandaa kuingia Somalia na Ethiopia hayakuwa na ramani za kutosha za nchi hizo, hivyo kikosi cha picha cha Afrika Kusini kilifanya kazi kutoka Nairobi kuziba pengo hilo. Makamanda waliona faida yake waziwazi: anayemiliki picha ya angani ana ramani hata kama hajawahi kukanyaga mahali hapo.

Vita vilipokwisha, Uingereza ilibakiwa na ndege na wapiga picha wasio na kazi. Mwaka 1946 ilianzisha idara ya upimaji wa makoloni chini ya Brigedia Martin Hotine. Kikosi cha 82 cha jeshi la anga, chenye ndege za Lancaster zilizovuliwa mabomu na kuvikwa kamera, kilizunguka Afrika Magharibi na Mashariki hadi 1952. Kwa muda mrefu makao yake yalikuwa Eastleigh. Kutokana na picha hizo zilichorwa ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo bado ni msingi wa ramani nyingi tunazotumia. Kwa hiyo vita vya Mau Mau vilipoanza, sehemu ya nchi ilikuwa tayari imepigwa picha kwa ajili ya amani. Mwaka 1954 zikaja pia ndege za jeti aina ya Meteor kupiga picha za upelelezi. Ufundi wa vita uliingia katika amani, kisha ukarudi vitani kwa kutumia mlango uleule.

Ua unaoonekana kutoka mbinguni

Sura inayotugusa zaidi Kiambu ilianza kabla bunduki hazijanyamaza. Katikati ya 1954 serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya watu wa maeneo ya Wakikuyu katika vijiji vya lazima. Katika muda wa mwaka mmoja na kidogo, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na handaki, miiba na mnara wa homgadi, walinzi wa upande wa serikali. Linganisha picha za angani za kabla na za baada ya hapo uone tofauti. Kabla, nyumba zimetawanyika mgongoni kwa mlima, kila boma na migomba yake, njia zikiteremka mtoni. Baada, migongo ni mitupu, na mahali pamoja pana mistari ya paa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Hapa kamera ilinasa kwa usahihi kile ambacho msituni kiliishinda: watu waliong'olewa makwao.

Mwaka huohuo wa 1954 ulitoka mpango wa Swynnerton, uliotaka vipande vya mashamba vya kila familia viunganishwe na kusajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Kiambu, Murang'a na Nyeri kazi hiyo ilifanyika kwa haraka, wakati maelfu ya wanaume wako kizuizini na familia zao ziko vijijini. Aliyekuwa karibu na chifu alisikika, na aliyekuwa kizuizini Manyani au Mwea alisemewa, ikiwa alibahatika kupata wa kumsemea. Malalamiko ya wakati ule yameendelea kurithiwa hadi leo.

Kupima kila shamba kwa minyororo na vifaa vya ardhini kungechukua miaka mingi. Njia ya mkato ikawa picha ya angani. Wenye mashamba waliagizwa kupanda ua kwenye mipaka yao, ukue hadi uonekane kutoka kwenye ndege. Kisha picha zilipigwa, zikakuzwa, na mistari ya ua ikachorwa kuwa ramani ya usajili. Tafakari jambo hilo kidogo. Miaka michache iliyotangulia, mtu wa Gatundu au Othaya alijificha asionekane kutoka juu. Sasa haki yake ya ardhi ilitegemea kuonekana kutoka hukohuko juu.

Picha hizo hazikusahihishwa kikamilifu kwa ajili ya milima. Katika picha ya angani, ardhi iliyo juu ya mgongo iko karibu zaidi na kamera kuliko ile ya bondeni, kwa hiyo huonekana kubwa kuliko ilivyo, na shamba la mteremko huvutwa upande. Ndiyo sababu sheria ya usajili wa ardhi ya 1963 iliita mistari hiyo mipaka ya jumla, na ramani zake hazikuwa na mamlaka ya kuamua mpaka ulipo kwa kipimo cha futi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliendeleza msimamo huo, na inataka mgogoro wa mpaka wa aina hii upelekwe kwanza kwa msajili wa ardhi kabla mahakama haijausikiliza. Jirani anayekuja na rula na nakala ya ramani hiyo kudai futi tatu zako anadai kitu ambacho karatasi yake haikukusudiwa kukithibitisha.

Upande wetu wa Ruiru hadi Thika hali ni tofauti, kwa sababu sehemu kubwa haikuwa hifadhi ya Waafrika. Ilikuwa mashamba ya walowezi yaliyopimwa kwa mawe ya mipaka. Baada ya uhuru mengi yalinunuliwa na kampuni za kununua ardhi na vyama vya ushirika, yakakatwa, yakakatwa tena, na ndiyo yaliyozaa ploti ambazo leo zinatangazwa kwenye mabango ya barabara kuu ya Thika. Hivyo katika kaunti moja ya Kiambu kuna ardhi zenye historia mbili za upimaji, na anayenunua ploti Mugutha na anayerithi shamba Gatundu hawashiki karatasi zenye nguvu sawa. Anayeuza leo humwonyesha mteja picha ya setilaiti kwenye simu, yenye mstari mwekundu uliochorwa kwa kidole. Mstari huo pia haukusudiwi kuthibitisha kitu. Ni uzuri wa picha tu unaotufanya tuuamini.

Picha zenyewe ziko wapi

Hifadhi ya taifa ya picha za angani mjini Edinburgh, Scotland, inatunza zaidi ya picha milioni moja za iliyokuwa idara ya upimaji wa makoloni, Kenya ikiwemo. Imperial War Museum ya London ina picha za vita vya Kenya zilizotolewa na jeshi. Hapa nyumbani, makao ya idara ya upimaji ya serikali, Survey of Kenya, yako Ruaraka, kando ya barabara hiihii ya Thika, na ndiko zinakouzwa ramani za nchi. Hifadhi ya nyaraka za taifa iko katikati ya Nairobi, katika jengo la zamani la benki. Atokaye Mugutha kwenda mjini hupita Ruaraka bila kujua kwamba nyuma ya lango hilo kuna historia ya migongo alikozaliwa.

Kwamba picha hizi zina faida zaidi ya kumbukumbu za vita limekwisha kuthibitishwa jirani tu, Machakos. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walitumia picha za angani za 1948, za mwanzoni mwa miaka ya 1960 na za 1978 kulinganisha vilima vilevile. Picha za 1948 zilionyesha mashamba yaliyochunwa na mmomonyoko. Zile za baadaye zilionyesha matuta na miti mingi, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka karibu mara sita kati ya miaka ya 1930 na 1990. Bila picha za zamani, hoja hiyo ingebaki kuwa ubishi wa wazee na maofisa wa kilimo.

Kazi kama hiyo imeanza pia kwa historia ya vita. Tangu 2018 mradi wa Museum of British Colonialism, unaoendeshwa na Wakenya na Waingereza, pamoja na African Digital Heritage ya Chao Tayiana Maina, umekuwa ukichora upya kambi za kizuizini kwa kompyuta, zikiwemo za Aguthi na Mweru, kwa kuunganisha masalio ya majengo, nyaraka na simulizi za waliokuwamo. Msaada wa nyaraka tayari umeonekana kortini. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambini. Kesi hiyo ilipata nguvu baada ya kufichuka kwa mafaili yaliyohamishiwa Uingereza wakati wa uhuru na kufichwa kwa miaka mingi.

Faili linaweza kufichwa kwa sababu lina maneno. Picha ya angani ilibaki wazi kwa sababu ilionekana haina lolote la kusema. Waliozipiga walizisoma kama jeshi, kisha kama wapima ardhi. Hakuna aliyezisoma kama mtu wa Nyandarua, wa Kirinyaga au wa Kiambu, anayejua kwamba duara lile jeupe lilikuwa uwanja wa kupuria mtama au kwamba njia ile iliyokatika ghafla ilikatwa na handaki la kijiji. Maarifa hayo hayamo katika stirioskopu. Yamo vichwani mwa watu, na aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1953 sasa amepita themanini.

Kinachotakiwa si jumba la makumbusho la mabilioni. Serikali za kaunti za Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua zinaweza kununua nakala za picha za kati ya 1948 na 1960 za maeneo yao, pamoja na mstari ule wa ukingoni, na kuziweka katika maktaba za umma. Walimu wa jiografia na historia wana somo tayari: wape wanafunzi picha mbili za mgongo mmoja, rula na kikokotoo, wapime kipimo, wahesabu maboma ya kabla na mapaa ya baada. Kisha wawapelekee wazee karatasi hizo na kalamu, waandike majina ya mito, koo, vituo vya homgadi na makaburi yasiyo na alama. Waliorusha ndege walihesabu mabomu yao, na hesabu hiyo imo kwenye vitabu vyao. Hesabu ya waliokuwa chini haijaandikwa kwenye filamu yoyote, na hakuna atakayeifanya kwa niaba yetu kutoka Edinburgh.